Mwaka Niliotafutwa na Korti

Mwaka jana nilipanda gari kwenda Muheza kumzika nesi mmoja mstaafu. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, ushungi kichwani, katikati ya watu waliokuwa wakiimba nyimbo za kanisani nisizozijua, na wajukuu wa marehemu wakawa wananitazama kwa heshima na kwa mshangao. Mmoja wao, msichana aliyekata nywele fupi, akaja na kikombe cha chai na kipande cha mkate. "Shikamoo bibi." "Marahaba." "Bibi, wewe na marehemu mlijuana wapi?" Nikamwambia aliwahi kuniuguza. Akasubiri niendelee, maana vijana wa siku hizi ukiwapa neno moja wanataka na la pili. Sikuendelea. Nikakitua kikombe chini, nikaanza kumega mkate. Mimi ni mzee wa miaka themanini na ushei, nimezika mume, nimezika ndugu, na bado swali la mtoto aliyeniletea mkate lilinirudishia hofu ile ile ya ujana wangu.

Basi nitasema, lakini kwa masharti yangu. Majina ya humu nimeyabadili yote. Huyo nesi namwita Damari, na mkunga atakayekuja mbele namwita Bi Somoe. Langu silitaji, na anayelitaka asijisumbue. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yuko juu yetu, ikatokea kesi pale Tanga ya mkunga aliyeshitakiwa kwa kumtoa mwanamke mimba. Polisi walikuwa na mkunga, walikuwa na habari ya daktari, walikuwa na jirani wa kutoa ushahidi. Mwanamke mwenyewe ndiye hawakuwa naye. Mji mzima ukawa unamtafuta. Mwanamke huyo ni mimi, na mwaka ule nilikuwa nakula chungu kimoja na watu wanaonitafuta.

Nilikuwa nimeolewa Ngamiani, sijafika hata miaka ishirini. Nyumba yenyewe ilikuwa kama nyumba zetu zote za huko: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na nyuma ua wenye jiko, kisima na choo. Mume wangu alikuwa Pemba kwenye karafuu. Alikwenda kwa msimu mmoja, msimu ukaisha, akaleta salamu kwamba amepata kazi nyingine na atakawia. Nikabaki na mavyaa, yaani mama yake, mwanamke mkavu wa maneno, na shemeji yangu, kaka wa mume wangu, aliyekuwa mtu wa kusifiwa pale mtaani. Chumba cha mavyaa kilipakana na changu ukuta kwa ukuta, na cha shemeji kilikuwa mkabala. Huyu shemeji simpi jina hata la uongo. Alianza kuingia chumbani kwangu wakati wa mvua za masika, mvua inapopiga bati na mtu hasikii kitu. Sitaeleza zaidi ya hapo. Aliniambia nikifungua mdomo atasema mimi ndiye niliyemwita, na nilijua nani ataaminiwa. Mvua zilipokwisha siku zangu hazikuja, na mwezi uliofuata hazikuja. Mume yuko Pemba. Hesabu hiyo hata mtoto wa madrasa angeiweza.

Nikaenda kwa Bi Somoe. Wanawake wote tulikuwa tunakwenda kwake, ndiyo maana kwenda kwake hakukuwa na ajabu: alikuwa anakanda matumbo, anakanda viuno, anawasinga mabibi harusi kwa manukato, na amezalisha sijui nusu ya Ngamiani. Aliniuliza swali moja tu. "Bwana yuko?" Nikamwambia yuko Pemba. Akanitazama usoni, akasema, "Kaa hapo." Nilikuwa nimemuaga mavyaa kwamba shangazi yangu wa Ushongo anaumwa nakwenda kumwangalia, na siku hiyo nikalala kwa Bi Somoe. Kesho yake damu ikakataa kukatika. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na nataka lieleweke jambo moja: Bi Somoe angeweza kuniacha. Wengine waliwaacha wenzangu wakafa sakafuni, wakasema ni shetani wa pwani. Yeye alinifunga kanga, akanitia ndani ya buibui, akaita teksi mchana kweupe, watu wanatazama, akanipeleka hospitali mwenyewe. Kule akasema mimi ni mgeni wa kutoka bara, hanijui, amenikuta njiani. Nadhani hata aliyemsikiliza hakuamini.

Damari ndiye aliyenipokea. Mbondei wa Muheza, mwembamba, Mkristo, kofia nyeupe kichwani, na kiumri hatukupishana sana. Wodi ilinuka dawa na uji. Nilipopata fahamu nikataka kumwambia mimi nani, kwa sababu nilifikiri nakufa na sikutaka kufa kama mtu asiye na kwao. Akaniwekea kiganja mdomoni, polepole, kama anavyonyamazishwa mtoto. "Usinambie," akasema. "Nisilolijua sitaulizwa." Baada ya siku chache alikuja na buibui langu limefuliwa na kukunjwa, akaniambia daktari amepeleka habari polisi na askari atakuja mchana. Akasema mlango wa jikoni uko wazi. Hakuniambia ondoka, aliniambia tu mlango uko wazi, akageuka kwenda kumpima mgonjwa mwingine homa. Nikaondoka nikajikokota mpaka kituo cha mabasi, nikaenda Ushongo kwa shangazi kweli. Shangazi alinipika uji wa pilipili manga na hakuuliza. Niliporudi Tanga, Bi Somoe alikwisha kamatwa.

Sasa ndiyo nije kwenye kula. Nyumbani kwetu wanaume walikula ukumbini, sisi wanawake uani, na kati yetu kulikuwa na pazia la kitenge tu. Shemeji alikuwa na desturi ya kualika marafiki zake chakula cha jioni, na mwaka ule hawakuwa na mazungumzo mengine. Mimi ndiye niliyesonga ugali wa muhogo tunaouita bada, mimi niliyekuna nazi ya mchuzi wa papa, mimi niliyepeleka maji ya kunawa mpaka penye pazia. Nikawa nawasikia. "Mke wa nani lakini?" anauliza mmoja. "Mimi nasikia ni wa kule mtaa wa Usagara." "Ah, Usagara wapi, wa hapa hapa. Jirani yake yule mkunga amesema aliyetolewa mle ndani alikuwa na buibui jipya." Wanacheka. Wanapanga wanawake wa mtaa mmoja mmoja, huyu mume wake yupo, huyu ameshakuwa mzee, huyu hapana, mpaka wanakaribia nyumba yetu, na mimi nimeinama juu ya sinia. Na shemeji ndiye aliyekuwa na sauti kuliko wote. "Wampate," anasema. "Wampate wamsimamishe, jina lake na la baba yake lisomwe, kila mtu asikie. Wanawake wamezidi." Nilikuwa namjua yule mtu. Alikuwa anaogopa kama mimi, na kwa sababu hiyo nilizidi kumwogopa.

Siku moja alinikuta kisimani. Mavyaa alikuwa jikoni anapepeta mchele. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeulizia chumvi, "Ulikuwa Ushongo wakati ule, sivyo?" Nikasema ndiyo. "Korti ikikuita, ulikuwa Ushongo. Ukitaja jina lako kule, utataja na jingine, na ukitaja hilo jingine hutarudi humu kwa miguu yako." Akachota maji, akanawa uso, akaenda msikitini. Nilisimama na kamba ya ndoo mkononi mpaka mavyaa akaniita mara tatu.

Watu watauliza, jina ni kitu gani hata mtu aogope hivyo. Hawakuishi Ngamiani ya siku zile. Sisi mwanamke hakutajwa jina mbele ya wanaume; alikuwa mama fulani, mke wa fulani, binti wa fulani, na la kwake lilikaa ndani pamoja naye. Kabla ya kesi hii kulikuwa na dada mmoja wa mtaa wa pili aliyetajwa kortini kwenye ugomvi wa wanaume wawili. Jina lake lilisomwa asubuhi. Kufika alasiri watoto wamelitungia wimbo wa kurukia kamba. Mume wake akamrudisha kwao, kwao wakampeleka Mombasa, na miaka baadaye watoto ambao wakati ule walikuwa hawajazaliwa waliruka kamba kwa jina lake, hawajui hata kama ni la mtu. Nilikuwa nikisikia kamba inapiga chini nje ya dirisha najiuliza jina langu litaingiaje kwenye wimbo ule.

Kisha askari akaja na samansi ya korti. Jirani yake Bi Somoe alikuwa ametaja kila nyumba ambayo wanawake wake walionekana wakiingia pale kipindi kile, na polisi wakaita wote. Mavyaa pia aliitwa, kwa ajili ya mguu wake uliokuwa ukikandwa. Kwamba tumeitwa wengi ilikuwa nafuu kidogo, lakini habari iliyofuata ikanimaliza nguvu: yule nesi wa Muheza aliyemwuguza mwanamke ataletwa atutazame nyuso, na atakula kiapo. Wanawake wakaja uani kwetu siku hiyo, tukanywa kahawa chungu. "Mkristo huyo," akasema mmoja. "Akishika kitabu chake hawezi kusema uongo." Mwingine akasema hapa si kwao, ana haya gani na sisi. Hakuna aliyeuliza ni nani kati yetu. Nakumbuka hilo mpaka leo. Waliuliza yote, hilo hawakuuliza.

Mavyaa alikuwa anasugua kikombe kwa kidole. Akasema, "Wanaume watajaa pale nje kutuhesabu." Wote tulielewa. Buibui linaficha uso, lakini mji wetu haukuhitaji uso. Mwanaume alimjua mke wa jirani kwa unyayo wake, kwa hina yake, kwa viatu vyake vya champali na kwa udi aliojifukizia. Ukipita mbele ya baraza umejifunika gubigubi, wataitikia salamu yako na kukuuliza hali ya mama. Wapumbavu walifikiri tunajificha kwa nguo. Mavyaa akasema asijifukize mtu. Akasema aliye na hina aitie nyingine mpaka vifundoni, na asiyekuwa nayo atie, wote rangi moja bila maua. Champali za nyumbani zibaki nyumbani, kila mmoja avae za mwenzake. Ndipo alasiri ile tukakaa uani, wazee kwa vijana, miguu imenyooshwa mbele kwenye mikeka, tunangoja hina ikauke, na hakuna aliyeimba hata shairi moja la harusi. Nilikuwa natazama miguu ile yote imefanana, nikataka kulia, nikajikaza.

Kortini tuliingia kwa mstari. Shemeji alikuwa nje dirishani na wenzake, na nilimwona macho yakitembea chini, mguu kwa mguu, yanakwenda yanarudi. Hakunipata. Ndani kulikuwa na joto la kukatisha roho. Hakimu, Mzungu mwenye uso mwekundu, juu. Wazee wawili wa mjini pembeni yake wa kumshauri mambo ya mila. Mkalimani mwenye kanzu na tarbushi. Na Bi Somoe kizimbani, amekonda, kanga yake ya jela imefungwa vizuri kama anakwenda kuzalisha. Hakutugeukia. Ofisa wa polisi akataka tufunue nyuso pale pale. Wale wazee wawili wakasimama pamoja, mmoja akasema wake za watu hawafunuliwi mbele ya kadamnasi, na kama ndivyo basi wao wanakwenda zao. Wakabishana Kiingereza kwa muda. Mwisho tukapelekwa chumba cha karani, dirisha limefungwa, askari nje ya mlango, na ndani sisi na Damari peke yetu.

Alisimama karibu na meza, mikono nyuma. Kila mmoja alipita mbele yake, akafunua uso, akafunika, akasogea. Mimi nilikuwa mbele ya mavyaa. Ilipofika zamu yangu mikono haikunisikia. Nilisimama nimeshika ile nguo na siwezi kuinyanyua. Mkono wa mavyaa ukanishika kiunoni kwa nyuma, ukanisogeza mbele. Nikafunua. Damari akanitazama muda ule ule aliowatazama wengine, si zaidi si pungufu. Ila mimi niliyekuwa karibu naye niliona jasho kwenye mdomo wake wa juu. Yule mwanamke alikuwa anaogopa kunishinda. Nikafunika.

Tukarudishwa kortini. Maneno yale nayakumbuka kwa sababu mkalimani aliyasema taratibu, neno kwa neno. "Hakimu anauliza, umemwona yule mgonjwa wako?"

"Nimewaona wanawake," akasema Damari.

"Anauliza, mgonjwa yumo au hayumo?"

"Mwambie sitasema yumo, wala sitasema hayumo. Mgonjwa akishatoka wodini mimi simfuati."

"Anakukumbusha kuwa umekula kiapo cha kusema kweli."

"Nimekula. Na kweli yangu ndiyo hiyo, kwamba sisemi."

"Anasema utakwenda jela."

Nilimwona akishika ukingo wa meza. Sauti ilipotoka ilikuwa nyembamba, ya mtoto. "Mwambie basi anipe nafasi kwanza. Nina mtoto wa miezi minne nyumbani, nimpeleke kwa mama yangu." Mkalimani akasita kabla ya kutafsiri. Kule nyuma wanawake wakaanza kuguna, na mimi nikajua kwamba lazima nisimame. Nilijua hivyo kwa mwili wote. Nilikuwa naona yule mtoto ambaye sijawahi kumwona, anatafuta ziwa. Miguu yangu ilianza kunyanyuka, nawaambieni kweli, na sijui kama ingenifikisha, kwa sababu kabla haijafika Bi Somoe akazungumza kutoka kizimbani. Tangu akamatwe alikuwa amekana kila kitu.

"Mkalimani, mwanangu," akasema, "mwambie bwana hakimu nimekosa. Mimi ndiye niliyefanya. Mwacheni huyo binti akanyonyeshe, na hawa warudi wakapike."

Hakimu alimwuliza mara mbili kama anaelewa anachokisema. Akasema anaelewa. Ofisa wa polisi akasimama, bado anataka yule mwanamke, na hakimu akasema kitu kifupi kikali. Mkalimani akakitoa: mshitakiwa amekiri, kwa hiyo jina la mgonjwa halina kazi tena katika shauri hili, ataitwa mwanamke mmoja, na yeyote atakayetangaza jina lolote nje ya hapa atajibu mbele ya korti hii hii. Kisha Bi Somoe akafungwa miaka mitatu. Alipopitishwa alitazama mbele tu. Hata macho hakutupa kwenye mstari wetu, kwa sababu wanaume walikuwa dirishani wanaangalia atamtazama nani.

Nimeishi na lile neno, mwanamke mmoja, kama wengine wanavyoishi na majina yao. Lilinipa uhai. Mume wangu alirudi, nikamzalia watoto, hakuna kamba iliyoruka kwa jina langu. Lakini nina hasira, na uzee haujaipunguza. Sitara ile iliyonifunika mimi ilimfunika na shemeji. Alizeeka akiitwa mzee wa mtaa, akapatanisha ndoa za watu, akazikwa kwa heshima, na mimi nilisonga ugali wa matanga yake. Bi Somoe alitoka jela akahamia kwa jamaa zake Pemba, na sikuwahi kumpa mkono, maana mkono tu ungetosha watu kuuliza. Damari hawakumfunga, walimhamisha bara. Tulikutana baada ya Uhuru, sokoni, tukanunua nyanya pamoja, na kwa miaka yote iliyofuata tukatembeleana na kuzungumza watoto na bei ya sukari. Habari ile hatukuigusa.

Ila siku ile ya korti haikuishia kortini. Tulirudi nyumbani mimi na mavyaa. Sikuvua hata buibui, akaniambia shika upande ule, na tukanyanyua kitanda changu cha kamba tukakiingiza chumbani kwake, tukakibana kati ya kasha lake na ukuta. Akapika mwenyewe jioni ile, akanipakulia mwenyewe. Baada ya magharibi tukaingia, akafunga mlango kwa ndani, akakaa ukingoni mwa kitanda chake na tasbihi. Tukamsikia shemeji akirudi. Tukasikia hatua zake ukumbini, zikaja mpaka mlango wa chumba changu cha zamani, ukalia, kimya, kisha zikaja mpaka mlangoni kwetu zikasimama.

"Umesahau kitu, mwanangu?" mavyaa akauliza. Sauti yake haikupanda.

"Hapana, mama."

"Basi nenda kalale."

Hatua zikaondoka. Mimi nilikuwa nimejikunja kwa hofu, shuka nimeiuma kwa meno. Mavyaa akaendelea kuvuta tasbihi, punje moja moja, kwa muda mrefu. Kisha akaiweka chini.

"Nilidhani atakoma," akasema.

Hakusema nani, na mimi sikumwuliza.